Jembe Lisilo na Udongo

Skola mwanangu,

Hakuna mlima katika Ufipa hii ambao baba yako hajaukanyaga kichwani. Kawafundishe hivyo watoto wa Kirando huko ulikopangiwa, mwalimu. Waambie kuna mzee mmoja Sumbawanga ameimaliza milima ya Mbizi yote kama mtu anayemaliza bakuli la togwa, akafuta midomo, akauliza kama kuna nyingine.

Haya, ni uongo. Nimepanda mlima mmoja tu, huu ulio nyuma ya nyumba yetu, na huo wenyewe naishia pale kwenye mwamba wenye mgongo kama ng'ombe aliyelala. Juu ya hapo sijui kuna nini. Labda kuna Wazambia. Nilitaka tu barua ianze na jambo kubwa, maana ndiyo ya kwanza kukuandikia tangu uzaliwe. Na usinisahihishe. Najua wewe ukiona karatasi mkono unakwenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu. Mimi niliishia darasa la nne, na nusu ya hilo la nne niliisomea malishoni, nikiwafundisha ng'ombe.

Begi lako nimeliona pale mlangoni. Limefungwa, limefunguliwa, limefungwa tena. Na jirani yetu Mama Joze amenong'ona, kwa ile sauti yake ya kunong'ona inayosikika mpaka sokoni, kwamba umemuuliza kama ukiwaomba wakubwa wa elimu ubaki hapa mjini, kwa sababu ya ugonjwa wa mama yako, watakukubalia. Wewe unamuuliza Mama Joze mambo ya serikali? Mama Joze anajua serikali ya kuku wake. Wa kuulizwa nilikuwa mimi, na hukuniuliza kwa sababu unajua ningesema nini.

Basi nasema. Nenda.

Sikuandikii kukuambia uchemshe maji wala ushushe chandarua. Hayo umesoma, na mbu wa ziwani watakukumbusha kuliko mimi. Nataka nikueleze habari ya mimi na mama yako na huu mlima. Wewe unaijua nusu, na hiyo nusu unayoijua ndiyo niliyokudanganya.

Unakumbuka ilivyoanza. Mboga ikatiwa chumvi mara mbili. Funguo zikakutwa ndani ya pipa la ulezi. Halafu akaanza kuuliza saa ya misa siku ya soko. Daktari akaupa ule ugonjwa jina refu, wewe ukalishika jina, ukakaa na simu usiku na mchana unasoma. Mimi nilishika kitu kingine. Nilishika kazi ya kusahihisha.

Akisema leo Jumatatu, nasema si Jumatatu, Mama Deo, ni Alhamisi. Akisema kuna kuku wanane, nawahesabu mbele yake mpaka wafike watano. Siku moja akasema, "Mama amechelewa kurudi kisimani." Nami, kwa akili yangu ya darasa la nne, nikamwambia, "Mama yako alikufa. Tulimzika wenyewe, ulilia mpaka ukazimia." Basi akalia. Akalia kama mtu anayepata habari sasa hivi. Kesho yake akauliza tena, nami nikamsahihisha tena. Skola, nimemzika bibi yako mara ngapi ndani ya nyumba hii? Mara moja ilimtosha marehemu. Mimi nilimfukua kila wiki nimzike upya, nikidhani namsaidia mke wangu.

Halafu ikaja ile siku ya picha. Wewe ulikuwa kazini, ulikuta imekwisha na hukuambiwa yote.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu. Mama yako akaingia, akapiga magoti, akapiga makofi yale mepesi tunayowasalimia kwayo wakubwa, akasema, "Shikamoo mzee."

"Mzee nani?" nikamwambia. "Mimi mumeo!"

"Mume wangu amekwenda Matai kununua ndama. Akirudi akikukuta kwenye kiti chake, utajua mwenyewe."

Nikainuka kwa hasira, nikatoa ile picha ya harusi ukutani, nikamwekea machoni. "Huyu nani?"

Akaitazama, uso ukamlainika. "Ndiye huyu," akasema. Halafu akanigeukia. "Sasa wewe umeipata wapi picha ya mume wangu? Mwizi! Mwizi jamani!"

Mama Joze akaja na mwiko wa ugali mkononi, watu wawili wa njiani wakaja na fimbo. Baba yako akakamatwa kwa kosa la kuiba sura yake mwenyewe. Walipoona ni mimi walicheka, kisha wakaona aibu kwa kucheka, na ile aibu yao ndiyo iliyonichoma. Mama Joze akamshika mama yako wakaenda nje kuchambua maharage. Mimi nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Sikwenda mlimani kutafuta faraja. Faraja nilikuwa sijui hata inauzwa wapi. Nilikwenda kwa sababu huku chini kila njia ina mtu wa kukuuliza mgonjwa anaendeleaje, na njia ya mlimani ilikuwa tupu. Nikapanda na kandambili. Nikafika kwenye ule mwamba, nikakaa, upepo ukanipiga kama unanidai. Nikatukana kidogo kwa Kifipa, maana matusi ya Kiswahili hayafiki ndani. Nikautazama mji wote chini yangu, mabati yanang'aa, na nyumba yetu ndogo kama kibiriti. Nikajiambia, kumbe shida yangu yote inaenea ndani ya kibiriti.

Nikashuka nina njaa. Hilo ndilo lililonishangaza. Nilikuwa nimekula miezi mingi kwa sababu wewe umepika. Siku ile nilikula kwa sababu nina njaa.

Basi kesho yake nikapanda tena, na kesho kutwa.

Sasa, mama yangu, wewe umekaa na vitabu, hujui watu. Mzee kupanda mlima mikono mitupu kila asubuhi, katika mji ambao jina lake lenyewe linamwambia mgeni autupe uchawi wake kabla hajaingia, si jambo dogo. Ng'ombe hana kule, kuni hakati, shamba hana. Anakaa juu ya jiwe. Anashuka anacheka peke yake. Nusu ya mtaa wakasema nakwenda kuroga. Nusu nyingine, ambao ndio wenye akili, wakasema nalinda mali waliyoizika Wajerumani. Asubuhi moja nimefika juu nikakuta vijana wamechimba shimo kuzunguka mwamba wangu, shimo la kumzika tembo. Hawakupata kitu. Niliwakuta wamekaa pembeni wamechoka, wakaniamkia kwa heshima kubwa, na mmoja akaniuliza kwa upole, "Babu, ni upande gani hasa?"

Nikawaonyesha upande mwingine. Mungu anisamehe, walichimba na huko.

Ndipo mwenyekiti wa mtaa akaniita. Unamjua, yule mwenye kofia ya pama asiyoivua hata msibani.

"Mzee, watu wanalalamika."

"Wanalalamikia nini?"

"Unakwenda mlimani."

"Mlima wa nani?"

"Wa Mungu na halmashauri. Unakwenda kufanya nini?"

"Kutembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Kurudi."

Akavua kofia. Nikajua mambo ni mazito. Akajikuna upara akasema, "Mimi nakuelewa, najua ya nyumbani kwako. Lakini niwaambie nini watu?"

"Waambie nafanya mazoezi."

"Wewe? Na magoti hayo? Hapo ndipo wataamini kabisa ni uchawi." Akafikiri. "Huna jembe nyumbani?"

"Ninalo."

"Basi libebe, ndugu yangu. Libebe tu. Nani atakuuliza?"

Na kweli, Skola, toka siku niliyoweka jembe begani nikawa mtu mwema. "Pole na kazi, mzee!" Nishapoa. "Ulezi umeota?" Unaota. "Mungu akubariki, wazee wa zamani mna nguvu." Hawa ndio watu wetu. Mtu akiwa na jembe hata akienda kuiba anapewa pole. Wewe mwenyewe, msomi, uliniuliza shamba la mlimani limefikia wapi. Nikakujibu nasubiri mvua. Na siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, umesimama na mwavuli, ukaniambia, "Haya baba, Mungu ataleta."

Siku ya kwanza ya jembe niliposhuka, mama yako alikuwa nje kwenye kigoda. Akanitazama. Akapiga makofi yake mepesi.

"Shikamoo mzee. Pole na kazi."

Nilikuwa nimechoka. Skola, sikuwa na hekima yoyote, usije ukanisifia mbele za watu. Nilikuwa nimechoka tu, pumzi ya kusahihisha sina. Nikasema, "Marahaba."

Basi. Hakuna aliyekufa. Akanivutia kigoda, akaenda ndani akarudi na maji, hakusahau njiani, akaninawisha mikono.

"Unatoka mbali?"

"Mlimani."

"Huna mke wa kukupokea jembe?"

"Ninaye. Anaumwa."

"Pole," akasema, na ilikuwa pole ya kweli. Nilikuwa nimepewa pole na mji mzima, na pole iliyonifika ilikuwa ya mgonjwa mwenyewe. Nikaona nami nimuulize. "Na wewe mume wako yukoje?"

Akacheka kisichana. "Mrefu!" Mimi, Skola. Mrefu. "Ana meno mazuri. Mwongo sana. Akisema yuko Matai ujue yuko kilabuni. Lakini akiingia ndani, nyumba inacheka."

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniambia hivyo. Aliniambia, "Futa miguu." Nikaona wivu, mwanangu. Nikamwonea wivu yule kijana mrefu mwenye meno aliyekwenda Matai, ningemkuta ningempiga.

Toka hapo nikaacha kusahihisha. Kila siku nashuka, napokea shikamoo yangu, naitikia, napewa maji, nasikia habari za mume wa watu. Akisema mama amechelewa kisimani, nasema foleni ni ndefu leo. Anasema, "Kweli," na anaendelea na maharage yake.

Sasa nafika kwenye ile nusu niliyokuficha.

Mtaa mzima umeliona jembe lile. Mwenyekiti ameliona, wewe umeliona, padre ameliona akalibariki. Siku moja mama yako amekaa kwenye kigoda, nimeliegemeza ukutani, akaliangalia kwa muda. Akanyoosha kidole akapitisha kwenye bapa. Akakitazama kidole.

"Mzee," akasema, "jembe lako halina udongo."

Nikalivuta jembe upande wangu.

"Wewe huendi shamba. Wewe unatembea tu." Akasogeza mdomo sikioni kwangu kama tunaiba. "Nipeleke na mimi."

Na wewe ulikuwa umenikataza. Ilikuwa baada ya ile siku aliyopotea tukampata kwenye barabara ya Matai, kijana wa bodaboda anamrudisha huku yeye anamfokea kwamba anaendesha vibaya. Ukalia, ukaniambia, "Baba, mama asivuke uzio." Nami nikasema sawa, mama. Sawa yangu unaijua.

Nikampeleka. Ukienda kazini, sisi tunapanda. Ndiko vilikotoka vile vishona nguo ulivyokuwa unaving'oa kwenye kitenge chake jioni huku unajiuliza vimetoka wapi, nami nikakuambia uani kumeota majani, vimetoka huko. Na ule usingizi wake wa siku hizi unaoisifia dawa, dawa nampa kama daktari alivyosema, usiniangalie hivyo, lakini usingizi ule mlima nao una mkono wake.

Ungemwona, Skola. Chini huku anaburuta miguu kama amevaa viatu vya mtu. Kule anatangulia yeye. Nimejiuliza kwa nini, na mimi si daktari, ila naona hivi: humu ndani kila kitu kinamuuliza swali. Sufuria inamuuliza, uliniweka jikoni lini? Mlango unamuuliza, huko nje ni wapi? Mimi ndiye niliyezidi wote kwa maswali, nilikuwa hakimu kabisa. Mlimani hakuna anayemuuliza. Kuna jiwe, anaweka mguu. Kuna jiwe jingine. Anachuma mboga za porini anazijua zote, ananitajia majina kwa Kifipa ambayo mimi nimeyasahau. Mimi nimesahau, yeye anakumbuka, na ananicheka.

Nisikufiche na ubaya wake. Kuna siku nilianguka.

Tulikuwa tunashuka, nyasi zina umande, goti hili la kushoto likaamua kwenda peke yake. Nikakaa chini kama gunia, jembe likaruka huko. Nikajaribu kuinuka, haikuwezekana. Na wingu lilikuwa linashuka, lile la huku kwetu linalokuja bila hodi. Nikamwambia, "Nenda kamwite Mama Joze." Neno halijamaliza kutoka nimejuta. Atakwenda wapi? Atamwita nani? Akageuka akaanza kushuka. Akapita nyuma ya mwamba. Simwoni.

"Mama Deo!" Kimya. "Mama Deo!" Kimya.

Ucheshi wangu wote uliniishia pale, mwanangu. Nilikuona wewe umerudi kutoka kazini umekuta kigoda kitupu. Nikaona mwaka mzima wa watu kumtafuta kwa tochi, na mimi ndiye niliyempeleka. Nikaita kwa jina lake la usichana, kama nilivyokuwa naita nyuma ya nyumba yao kabla sijatoa posa. "Kata! Katarina!"

Akachomoza na jembe mkononi. Hakuwa ameondoka. Alikwenda kuliokota.

"Mzee, unapiga kelele za nini? Mlima si kiziwi." Akanigeuzia mpini. "Shika hapa. Mume wangu angekubeba mgongoni, lakini yuko Matai."

Nikashika mpini, akakanyaga chini kwa visigino, akavuta. Mama yako yule unayemkatia nyama vipande vidogo, Skola, alinitoa chini kama anang'oa kisiki cha muhogo. Ndiyo kazi pekee liliyoifanya jembe lile msimu wote. Kisha akanishika mkono, akaniongoza mpaka chini, pole pole, ananiambia weka hapa, sasa weka hapa.

Karibu na uzio akasimama akauachia mkono wangu. Akaangalia huku na huku.

"Usimwambie mume wangu kwamba nimekushika mkono. Ana wivu."

"Sitamwambia."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Na mpaka leo sijamwambia.

Usiku ule niliukanda mguu kwa maji ya chumvi, nikakudanganya nimejikwaa kwa kuku. Lakini moyo ulikuwa mwepesi, mwepesi kama mtu aliyetua gunia la watu. Nikajiuliza nimetua nini. Nimetua kungoja, Skola. Nilikuwa nangoja anijue. Kila asubuhi nilikuwa naamka namtazama usoni kama mtu anayetazama matokeo ya mtihani. Sasa singoji. Kila siku anakutana na mzee mchafu mwenye jembe, hamjui kabisa, na kila siku anaamua upya kumpa maji. Wanaume wangapi katika Rukwa hii wanaamuliwa upya kila siku?

Itafika siku hataweza kupanda. Najua, sijawa mjinga. Kuna siku sasa hivi anaamka na hasira, ananitupia kikombe, na siku hiyo hatupandi, tunakaa tu. Tutakaa. Lakini baada ya ile ajali nilikwenda kwa mwenyekiti nikaungama yote, maana nilijua peke yangu sitoshi. Akavua kofia tena. Kumbe naye ana sukari, daktari amemwambia atembee na alikuwa anaogopa watu. Basi sasa yeye hutembea nyuma, mimi katikati, mama yako mbele. Wazee wawili na majembe mawili safi, na mwanamke mmoja anayetuambia tukaze mwendo. Jumamosi Mama Joze naye amesema atakuja, ameuliza kama ni lazima jembe au panga linatosha. Na kaka yako Deo amesema kila mwisho wa mwezi lori likipita Sumbawanga atalala hapa. Amesema. Tutaona.

Kwa hiyo usibaki kwa ajili yetu. Na usibaki ukisubiri mama akujue. Unajua anavyokuita ukishatoka asubuhi? Ananiambia, "Yule binti wa watu ana adabu sana. Wazazi wake walimlea." Nilitaka nikufiche, niliona utaumia. Halafu nikafikiri, ni mzazi gani mwingine amewahi kumsifia mwanawe bila upendeleo? Ichukue hiyo sifa uende nayo Kirando. Ukirudi likizo usimuulize, "Mama, unanijua?" Hilo swali nimelitumia sana, halina kitu ndani. Msalimie. Akikukaribisha mgeni, kuwa mgeni. Mgeni hula vizuri, na wewe umekonda. Mletee dagaa, atakuuliza umewatoa wapi, mwambie ziwani, mtapata la kuongea.

Na hao watoto wako, hesabu sahihisha. Jina la wilaya sahihisha. Lakini akija mmoja akakuambia baba yake yuko safarini ndani ya ziwa na atarudi, kaa kidogo kwanza kabla hujainua kalamu.

Nimemaliza. Basi linaondoka saa kumi na mbili, na nina jambo moja lililobaki kati yetu.

Pasaka ulisema mama hawezi kukaa misa nzima, nikasema atakaa na nyimbo ataimba zote. Tukabishana. Ukasema ikiwa hivyo, baba, nitakukata kucha za miguu. Aliimba zote, aliimba mpaka padre akamngoja amalize. Na kucha hukukata. Ukasema kesho, na sasa kesho unaondoka. Unajua aliyekuwa ananikata ni nani, na siwezi kumwomba tena, mwanamke mwenye heshima hakati kucha za mzee asiyemjua. Deo atacheka. Mwenyekiti simtaki. Mwenyewe nikiinama sivifikii, naviona vile vidole kwa mbali kama mji wa Namanyere. Kidole gumba cha kulia kimeshatoboa soksi, kinakaribia buti.

Wembe mpya nimeuweka juu ya barua hii. Maji ya moto yako kwenye chupa ya chai, beseni liko chini ya kiti. Ukiamka usifungue tena begi, niamshe mimi. Anza na mguu wa kulia. Ukishapanda basi nina mlima wa kupanda, na kuna mwanamke ananingoja asiyenijua.